Eriali ya Bondeni

Nyumbani kwangu hakuna redio. Wajukuu wananishangaa. Eti babu aliwahi kuwa fundi redio, mbona hana hata kale kadogo ka kusikilizia taarifa ya habari? Mimi huwajibu kwa ukali wakacheze huko. Sasa nimechoka kuwafukuza. Basi nitaeleza, na nitaeleza mara moja tu.

Katikati ya miaka ya sabini, sisi watu wa upande wa Igowole, kule Iringa, tulihamishwa. Tulikuwa tunakaa mgongoni mwa kilima, nyumba moja hapa na nyingine kule, kila mtu na mahindi yake na mianzi yake ya kugema ulanzi, ile pombe yetu. Tukaambiwa tushuke bondeni, tujenge kwa mstari, tuwe kijiji. Tukashuka. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo kwetu tulishuka watatu: mama, mimi, na mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka miwili aliyekuwa ameachishwa ziwa akaletwa akae na bibi yake. Tulibeba mabati, milango, kuku, na redio ya marehemu baba. Ilikuwa redio ya mbao, ya kutumia betri sita, zile tulizokuwa tunaziita mawe. Kule mgongoni ilisema vizuri hata ukiiweka chini ya kitanda.

Bondeni ikagoma. Afadhali ingenyamaza kabisa tukajua moja. Ilikuwa inakwaruza kama mtu anayekaanga mahindi, na katikati ya mkwaruzo sauti ya mtangazaji inachomoza, maneno mawili matatu, inazama tena. Ukiisogeza dirishani inazama, ukiipandisha juu ya kabati inazama, ukiishika mkononi inasema kidogo, ukiiweka chini inanyamaza. Jamani, chombo kile kilinitesa.

Sasa, kwa nini tuhangaike na redio wakati kuna kulima? Ni kwa sababu ya dada yangu. Alikuwa ameolewa Mbalizi, kule Mbeya, na mwaka ule aliugua tumbo, likavimba, akalazwa hospitali kubwa mjini. Mama alipanda lori la majani ya chai mpaka Mafinga, akachukua basi, akakaa naye wiki tatu, analala chini pembeni ya kitanda chake. Dada akaanza kupata nafuu. Akala, akacheka, akamwambia mama, "Nenda nyumbani ukamwangalie mtoto, mama. Na mahindi yatavunwa na nani? Nikipona nitakuja mwenyewe kumchukua." Mama akakubali kurudi, ingawa moyo haukutaka.

Wakati wa kuagana pale stendi, mama na shemeji yangu walipatana. Barua ilikuwa inachukua wiki mbili, wakati mwingine tatu. Simu ilikuwa moja tu, ofisini kwa watu wa chai, na mtu kama sisi hakuigusa. Shemeji akasema, "Mama, akipona nitaandika barua. Likitokea la kutokea, nitatangaza redioni. Msikilize kila jioni, kwenye matangazo ya vifo."

Mama akamjibu, "Nikisikia nitakuja, hata kwa miguu. Ila nakuomba jambo moja, mwanangu. Msimfunike kabla sijamwona uso."

Shemeji akamwahidi, na mama akapanda basi.

Kwa hiyo kila jioni mama alikuwa anaacha kila kitu, anakaa kwenye kigoda mbele ya redio, mikono magotini. Alisikiliza majina ya watu waliokufa Tanga, Mwanza, Songea, watu asiowajua, mmoja mmoja. Yakiisha bila jina la dada, anashusha pumzi, anasema, "Haya, mwanangu amelala salama," ndipo anakwenda kusonga ugali. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yake ya kila siku. Tulipohamia bondeni, barua hiyo ikakatika.

Na mimi ndiye niliyekuwa fundi. Nicheke au nilie? Nilikuwa nimekaa Iringa mjini mwaka mmoja na nusu kwenye kibanda cha kutengeneza redio, chini ya fundi mmoja mkali. Nilifagia, nikapuliza vumbi, nikajifunza kushika risasi ya kuchomea, na kabla sijaiva tukakosana kwa ajili ya mdomo wangu, nikaondoka. Nilirudi nyumbani na bisibisi mbili na bunda la waya wa shaba uliotolewa kwenye mota iliyoungua. Kijiji kizima kikaniita fundi. Nikaitika.

Siku moja mama akaniambia, "Baba, hii redio mimi naiogopa. Kule juu kambini, kwa wachuma chai, redio zao zinashika. Tuwe tunapanda kila jioni, tunasikiliza, tunarudi."

Kambi ilikuwa mwendo wa saa moja kwa kupanda. Mama angepanda bila kulalamika. Ni mimi niliyewaka. "Mama, unataka kunivunjia heshima? Fundi mzima nikachutame mlangoni kwa watu nisikilize redio yao, na ya kwangu ipo ndani?"

"Mimi sina shida na heshima yako," akasema. "Nina shida na mwanangu."

"Kesho itasema."

Hilo neno kesho nililisema siku nne mfululizo, na mama akaniamini siku zote nne. Mpaka leo nikilikumbuka natamani kujipiga makofi.

Jumamosi nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mpole, jirani yetu tangu kule mgongoni. Yeye alikuwa na shamba la mianzi ya ulanzi, na kwetu mwanzi wa ulanzi haukatwi hovyo, ni kama kuchinja ng'ombe wa maziwa. Nilimwomba miwili. Akaniuliza ni ya nini, nikamweleza habari ya dada na redio. Akaingia shambani mwenyewe na panga, akanikatia mirefu kuliko yote. "Chukua, fundi," akasema. "Mama yako asikie habari za mtoto wake."

Nikasimamisha mwanzi mmoja nyuma ya nyumba na mwingine kule mwisho wa kiwanja. Nikatambaza waya juu kutoka mwanzi mpaka mwanzi, nikaushikiza kwa vipande vya kandambili ili usiguse mwanzi wenyewe, nikateremsha ncha yake mpaka dirishani na kuingiza nyuma ya redio. Waya wa mota ile haukutosha mpaka chini. Kule juu ya mwanzi wa nyuma ya nyumba, mahali waya unapokata kona kushuka, niliunga kipande kingine. Nikausokota vizuri, ukapendeza. Eriali yangu ilionekana tangu barabarani, na watu wakasimama kuitazama. Nikajisikia mtu.

Jioni nikawasha. Ikakwaruza vilevile.

Jumapili, baada ya misa, watu walikaa kilabuni kwenye ulanzi, wakaanza kunitania. "Fundi, ule mnara wako unasemaje? Au ni wa kuanikia nguo?" Nikapandisha mori. Nikawaambia mbele ya wote, "Chekeni tu! Wiki hii haiishi, redio itasema mpaka kisimani. Siku hiyo njooni nyote kwetu msikilize. Na kuni mje nazo, msije mkamaliza za mama yangu!" Wakacheka, wakasema watakuja. Tafadhali mlikumbuke hili neno la kuni.

Jumatatu nikadhani kosa ni bati. Waya ulikuwa unapita karibu na ukingo wa paa, na ukigusa bati kila kitu kinapotelea hapo. Nikautenga kwa kijiti. Haikusaidia. Nikageuza upande wa eriali, nikang'oa mwanzi mmoja na kuuchimbia shimo jingine, nikifikiri labda eriali haijaielekea Dar es Salaam. Haikusaidia. Mawe nayo yakaanza kuchoka kwa majaribio yangu. Mama akawa anayaanika juani kwenye ungo, anayageuzageuza kama maharage, ili jioni yapate nguvu kidogo.

Jumanne nikasema kosa ni ardhi, maana redio haikuwa na waya wa kushuka udongoni. Nikachukua sufuria bovu, nikalifunga waya, nikalizika kwa majivu na chumvi pale tunapoogea ambapo pana unyevu, nikalimwagia maji. Ilikuwa chumvi ya mwisho ndani ya nyumba. Jioni tukakaa. Wakati wa matangazo ya vifo ukafika, nikawasha. Mkwaruzo. Sauti ikachomoza, "…anasikitika…" ikazama. Ikachomoza tena, "…habari ziwafikie…" ikazama. Mama akainamia redio mpaka sikio likagusa kitambaa cha spika.

Nikanyoosha mkono kuizima.

"Iache," mama akasema. "Iache kidogo, anataja majina."

"Mama, mawe yanaisha! Unasikiliza nini hapo? Kuna kinachosikika?"

"Iache tu, baba."

Nikaizima. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Mama akabaki ameinama vilevile kwa muda, halafu akanyanyuka akaenda jikoni. Siku hiyo hakusema kwamba mwanawe amelala salama.

Jumatano mchana nilikuwa nimekata tamaa. Nikaegemeza ngazi kwenye mwanzi wa nyuma ya nyumba, nikapanda niteremshe kila kitu niachane nacho. Nilipokishika kile kiungo cha kule juu, nikaona. Lo! Waya wa mota umepakwa vanishi mwili mzima. Ukitaka kuunga, lazima ukwangue vanishi mpaka shaba ing'ae, la sivyo unafunga vitu viwili visivyojuana. Hilo ndilo jambo la kwanza kabisa nililofundishwa Iringa. Ncha ya kuingia kwenye redio niliikwangua. Hiki cha juu sikukikwangua. Siku nne eriali yangu yote ilikuwa pambo, na redio ilikuwa inasikiliza kwa kile kipande cha kushukia tu.

Nikakwangua kwa wembe palepale juu ya ngazi, nikasokota upya. Nilipowasha, redio ikapiga kelele mpaka mtoto akalia. Muziki, sauti, kila kitu, kama mtu yumo chumbani. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Sijawahi kumwona mama akicheka vile. Nikaifungulia mpaka mwisho, nikaiweka dirishani isikike kisimani kama nilivyoahidi.

Jioni tukasikiliza matangazo ya vifo, neno kwa neno. Dodoma, Bukoba, Lindi, Moshi. Yakaisha. Dada hakutajwa.

"Mwanangu amelala salama," mama akasema. Halafu akanishika kichwa kama mtoto mdogo. "Asante, fundi wangu."

Alhamisi asubuhi, tumemaliza tu kunywa uji, wakaanza kuja watu. Wanawake wa mstari wetu, kila mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Wengine na unga kwenye vikapu. Wanaume wakaja nyuma, taratibu, wakakaa kwenye magogo uani. Balozi naye alikuwepo. Nikamwambia mama kwa furaha, "Umeona? Si niliwaambia? Wamekuja kusikiliza, na kuni wameleta kweli!"

Mama naye akaingia kazini. Akawakaribisha, akatandika mikeka, akateka maji, akabandika sufuria kubwa. Anacheka, anawaambia, "Karibuni, karibuni, leo hapa kwetu kuna raha." Wanawake wakatazamana. Mmoja akamshika mkono, akamwambia, "Pole, mama." Mama akajibu, "Tumeshapoa! Fundi wangu amehangaika, lakini yamekwisha." Yule mwanamke akafuta macho kwa ncha ya kanga, na mama alikuwa ameshageukia moto.

Na mimi, mjinga mkubwa, nikasimama katikati ya wanaume nikawafundisha. Nikawaonyesha mwanzi, nikawaonyesha kandambili, nikawaeleza habari ya vanishi na wembe. Hakuna aliyeuliza swali. Hakuna aliyetania. Watu wa kilabuni wale wale walionicheka Jumapili walikuwa wametazama chini, kofia mikononi. Nikafikiri nimewaweza. Nikataka kuleta redio nje niwawashie muziki, balozi akanishika mkono, akasema polepole, "Acha, kijana. Kaa kwanza."

Jua lilipofika utosini, mama akaja na ugali na kuku. Alikuwa amechinja jogoo. Balozi akanawa, hakula. Akamwita mama, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Mama, sisi tumeshakaa. Tunasubiri neno lako. Mnaondoka lini kwenda Mbeya?"

"Mbeya?" mama akasema. "Kufanya nini?"

Balozi akanitazama mimi. Mpaka leo sijasahau yale macho, jinsi yalivyokuwa yananiuliza, na jinsi yalivyojijibu yenyewe.

Kwetu habari ya msiba haipelekwi na mtu yeyote tu. Na nyumba ikishafikiwa na msiba, jirani hatangulii kulia. Anakuja na kuni zake na unga wake, anakaa kimya, mpaka mwenye msiba atoe kilio. Ndiyo heshima. Wachuma chai walikuwa wamesikia tangazo Jumanne jioni, kule kambini, na tena Jumatano asubuhi. Habari ikashuka bondeni. Wazee wakakaa, wakaulizana nani apeleke. Wakasema, apeleke nani, wakati wale wana redio na eriali inaonekana tangu barabarani? Jumatano redio yetu ikalia mpaka kisimani. Basi wakajua tumesikia. Wakatusubiri tulie, hatukulia. Wakasema huenda uchungu umewazidi, twendeni tukakae nao.

Balozi akamwambia mama, "Redio ilitaja jina lako, mama. Ilisema habari ikufikie wewe. Anazikwa leo, saa kumi."

Mama hakupiga kelele. Alikaa chini palepale, mwiko wa kupakulia mkononi. Akaniuliza mimi, si balozi, "Sasa ni saa ngapi?"

Lori la chai huondoka alfajiri, lilikuwa limekwisha kwenda. Hakukuwa na gari jingine. Mama alianza kutembea. Alitoka uani bila viatu, akashika njia ya kupanda barabarani, na wanawake wakamfuata, wakamkamata, na hapo ndipo kilio kilipotoka. Watu wote wakalia. Mimi nilikuwa nimesimama chini ya mwanzi, nimeshika waya wa kushukia, na machozi hayakuja.

Tuliondoka Ijumaa kwa lori, tukafika Mbeya jioni, tukaendelea hadi Mbalizi. Kaburi lilikuwa bichi, udongo bado una alama za majembe. Shemeji akaja, akapiga magoti mbele ya mama. Alikuwa amekonda hata sikumjua.

"Nisamehe, mama," akasema. "Tulikusubiri. Watu waliniambia tuzike saa kumi kama tulivyotangaza, nikakataa. Nikasema subirini, mama atafika, nyumbani kwao kuna redio na kaka yake ni fundi, lazima wamesikia. Tulimwacha wazi uso mpaka jua linazama. Kila basi likipita barabarani nilituma mtu akaangalie."

Mama akamwinua. Akamwambia hana kosa. Halafu akainama akashika ule udongo kwa viganja viwili, akawa anaupapasa taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka.

Sikutengeneza redio tena. Bisibisi nilimpa mtu. Mianzi niliing'oa mwenyewe, na waya ukabaki uani, mama akautumia kuanikia nguo za mtoto. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akamlea yule mjukuu mpaka akaolewa, na hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Nilitamani anilaumu. Ningejua la kujibu, au ningepiga kelele, maana ndicho ninachokiweza.

Ila aliwahi kuniuliza swali moja. Mwezi mmoja hivi baada ya mazishi, tunapukuchua mahindi, yeye huku na mimi kule, mtoto amelala katikati. Akasema bila kuinua macho, "Baba, ule waya. Uliukwangua siku gani?"

"Jumatano, mama."

"Na ulipanda juu ukaufunga siku gani?"

"Jumamosi."

"Kuukwangua kunachukua muda gani?"

Nilitaka kudanganya. Nilitaka kusema ni kazi ngumu, ya siku nzima, inataka vifaa vya mjini.

"Muda wa kumenya kiazi, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua gunzi jingine, akaendelea kupukuchua.